Dakika Tisa za Akiba

Vijana mnaoshika wavu wa bwawa baada yangu, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana bwawa halina vyeo. Kuna anayeogelea na kuna anayemtazama, basi. Mimi nimetazama miaka ishirini na minane, na macho yangu yameharibiwa na klorini kiasi kwamba daktari wa macho alidhani mimi ni mlevi.

Nilipofika klabu ile ya Kitale nilikabidhiwa kwa Mzee Nyongesa, mtu mfupi wa maneno machache, ambaye alikuwa amelinda bwawa hilo tangu enzi za wazungu waliolichimba. Siku ya kwanza alinionyesha wavu wa kuokotea majani, brashi ya kusugua ukuta, na ile fimbo ndefu ya kumvuta mtu anayezama. Nikamuuliza yeye huvuta vipi mtu aliye katikati, fimbo isikofika. Akasema, "Naita mtu." Hapo ndipo nilipojua Mzee Nyongesa hajui kuogelea. Lakini klorini aliijua kwa pua. Angeinama juu ya maji alfajiri, avute pumzi mara moja, aseme, "Weka vikombe viwili," na kipimo kikikubaliana naye alikuwa anakisifu kipimo.

Ni yeye aliyenionyesha nambari 25 iliyopakwa rangi nyeupe ukutani upande wa kina kirefu. "Hii bwawa ni mita ishirini na tano," akaniambia. Nikaandika kwenye daftari langu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa naandika kila kitu alichosema, hata dawa yake ya chunjua.

Kazi hii ina upweke wake, na hakuna atakayewaambia siku ya kuajiriwa. Watu huja majini kufurahi na wewe huwezi kufurahi nao, kwa sababu dakika utakayocheka ndiyo mtoto atakayopotea chini. Wenye klabu hawakujui kwa jina. Mke wangu, Mama Nekesa, alikuwa nyumbani Misikhu akilima, mimi nikilala kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusukuma maji. Mwisho wa mwezi ndio tulionana. Kati ya Januari na Machi, jua likiwaka, bwawa hujaa. Mvua ikianza, unabaki wewe na vyura. Nilizoea kuzungumza na ile mashine, na sioni aibu kusema hivyo.

Basi ilikuwa msimu wa vyura, miaka mitano kabla ya kustaafu, alipokuja Wanjeri. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, binti wa wakulima waliohamia Trans-Nzoia zamani kutoka Kiambu, na watu wote walimwita Daktari. Alizunguka mashambani kwa baiskeli akichanja ng'ombe. Mzungu mmoja mtaalamu wa mifugo aliyefanya kazi naye alikuwa amemwona akipanda mlima wa kuelekea Kapsokwony na mzigo wa dawa mgongoni bila kushuka kwenye baiskeli, akamwambia kuna mashindano huko kwao Ulaya yanayomfaa. Kuogelea kilomita tatu na mita mia nane ziwani, baiskeli kilomita mia moja na themanini, halafu mbio za marathoni, yote kwa siku moja. Mzungu akarudi kwao na kumtafutia nafasi.

"Baiskeli najiweza," Wanjeri akaniambia siku hiyo, amesimama kwenye mvua na taulo begani. "Kukimbia pia. Shida ni hii." Akaonyesha bwawa kwa kidevu.

"Unaogelea umbali gani sasa?"

"Mwalimu, siogelei. Nikiingia nazama."

Nilimwambia angalau ni mkweli. Nimefundisha maafisa wakubwa ambao walizama huku wakinieleza wanavyojua kuogelea.

Tulianza na kupuliza mapovu. Wanjeri alikuwa na miaka thelathini na minne na alishika ukingo kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakulalamika. Alikuja kila asubuhi saa kumi na mbili kabla ya kwenda kwa ng'ombe zake. Maji ya Kitale mwezi wa saba mnayajua. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya zambarau na bado anauliza, "Niende tena?" Nilisimama upande wake wa kushoto nikitembea ukingoni, na kwa sababu hiyo akazoea kuvuta pumzi kushoto tu, akinitazama. Hilo lilikuwa kosa dogo la ufundishaji. Nililiona na nikaliacha. Nadhani nilipenda kutazamwa.

Sasa sikizeni namna tulivyohesabu. Safari moja ni kutoka ukuta hadi ukuta. Kilomita tatu na mita mia nane, ukigawa kwa ishirini na tano, unapata safari mia moja hamsini na mbili. Akili ya mtu anayeogelea haiwezi kushika hesabu hiyo, na ya mtu anayetazama inalala. Kwa hivyo nilichukua punje mia moja hamsini na mbili za mahindi ndani ya kopo. Akigusa ukuta, nahamisha punje moja kwenye kopo la pili. Kopo la kwanza likibaki tupu, amemaliza. Ilichukua miezi minane kabla ya kopo hilo kuwa tupu kwa mara ya kwanza, na siku hiyo alilala ukingoni kifudifudi akacheka mpaka akakohoa maji.

Kule mashindanoni, mtu akizidisha saa mbili na dakika ishirini majini anatolewa. Haijalishi anaendesha baiskeli vipi. Tukapunguza muda, wiki baada ya wiki, mpaka akamaliza punje zote kwa saa mbili na dakika kumi na moja. Nikampigia hesabu: dakika tisa za akiba.

Kanisa la kina Wanjeri pale viungani mwa Kitale likafanya harambee ya tikiti ya ndege. Nilialikwa. Mchungaji akaniita mbele niseme neno, nami nikasimama kwenye kipaza sauti na shati langu la klabu, nikawaambia, "Huyu binti yenu atatoka majini na dakika tisa mkononi. Mimi ndiye nimempima." Wakapiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi kazini. Nililala vizuri usiku huo.

Nikataka kumwona. Hilo tu. Nilitaka kukaa kwenye kiti na kumwona akitoka kwenye maji. Mnaoishi sasa mtasema ni jambo rahisi, lakini nilizunguka Kitale nzima nikiuliza kila mahali penye televisheni. Pote walikuwa na mpira. Nikasoma ratiba ya michezo gazetini: gofu ilikuwepo, kriketi siku tano mfululizo, hata watu wanene wakitupa vishale ukutani. Mtu anayeogelea, aendeshe baiskeli na kukimbia kutoka asubuhi hadi jioni, huyo hakuna. Msichana wa saiba alinitafutia kwenye mtandao akaona kwamba stesheni moja ya nchi ya mashindano yenyewe ingeyaonyesha moja kwa moja, Jumapili. Akaniandikia jina la stesheni nyuma ya risiti ya klorini.

Risiti hiyo nikaipeleka Bungoma kwa fundi wa madishi anayeitwa Khaemba, tuliyesoma naye. Alikuwa amefunga dishi kubwa la wavu kwenye hoteli moja karibu na soko. Akaitazama risiti, akatazama mbinguni. "Hii inawezekana. Dishi nitaigeuza iangarie Uraya. Lakini hawatasema Kiswahili wala Kizungu, ni lugha ya huko kwao."

"Sitaki kusikia," nikamwambia. "Nataka kuona."

Wanjeri akaondoka siku ya Alhamisi. Ijumaa yake, meneja akaniambia klabu inaagiza kamba mpya za kutenganisha waogeleaji, zile zenye maboya, na duka la Nairobi linataka kipimo kamili cha bwawa. Nikasema mita ishirini na tano. Akasema, pima tu.

Nikapima. Futi kamba ikasema mita ishirini na mbili na sentimita themanini na sita. Nikasema futi hii imevutika. Nikaazima ya fundi mbao. Ishirini na mbili, themanini na sita. Nikapima upande wa pili, nikapima katikati nikiwa ndani ya maji. Mwishowe nikakaa ukingoni miguu ikiwa majini na nikaelewa. Wazungu wa enzi hizo walikuwa wanapima kwa yadi. Walichimba yadi ishirini na tano, wakaandika 25 na kwenda zao, na Mzee Nyongesa, ambaye hajawahi kuvuka bwawa hilo hata mara moja, akanipa mita. Nami kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kulaza futi pale chini. Nilijua vikombe vya klorini, nilijua vigae vilivyolegea, na sikujua urefu wa bwawa langu.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Kila tulipomaliza kopo, alikuwa amebakisha mita mia tatu na ishirini na tano. Safari kumi na nne na kidogo. Kwa mwendo wake, kilomita tatu na mita mia nane kamili ni saa mbili na dakika ishirini na tatu. Zile dakika tisa zangu hazikuwepo. Alikuwa amepungukiwa na tatu.

Nilienda saiba. Wanjeri alikuwa ameniachia anwani ya barua pepe ya yule mzungu, mwenyeji wake. Nikaandika kwa kidole kimoja, "Daktari, bwawa ni fupi." Nikaisoma. Nikajiuliza, akisoma hii usiku wa kuamkia Jumamosi, atafanya nini? Siku moja haimwongezei mtu mwendo. Itamwongezea hofu tu, na mtu mwenye hofu majini ninamjua, nimewavuta wengi. Nikaifuta. Mpaka leo sijui kama nilifuta kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikiwa mkweli, vyote viwili vilikuwepo, na sina hakika kipi kilikuwa kikubwa.

Jumamosi nikafika Misikhu. Mama Nekesa akanitazama nikila. "Una nini?"

"Uchovu tu."

"Uchovu haugeuzi mtu macho hivyo." Asubuhi akaenda kanisani peke yake, nami nikaenda Bungoma.

Hoteli ilikuwa karibu tupu. Jumapili asubuhi nani yuko hotelini? Kulikuwa na wafanyabiashara wawili wa vitunguu wakingoja chai, na dada mhudumu. Khaemba alikuwa amemaliza kazi yake na kwenda ibadani. Kwenye skrini likatokea ziwa, na watu maelfu ndani yake wakichemka kama samaki waliotupiwa mkate, wote na kofia za kijani. Nikasogeza kiti. Pembeni ya skrini kulikuwa na saa ya mashindano ikihesabu.

Kwa saa nzima na zaidi walionyesha wale wa mbele, wanaume wenye miguu iliyonyolewa, wakitoka majini na kuruka juu ya baiskeli za ajabu. Mimi nilikuwa nawaombea wapotelee huko. Wafanyabiashara wakaomba mieleka, dada akasema mzee amelipia chai ya watu wanne ili aachiwe. Saa ilipofika mbili na dakika kumi na tano, kamera ikarudi ziwani. Watu wa kule wamejaa ukingoni kuwapigia makofi wa mwisho. Ni desturi nzuri, nakubali.

Kulikuwa na vichwa sita majini. Kofia zote ni moja na maji yote ni moja, lakini nilimwona mara moja. Alikuwa anavuta pumzi kushoto tu. Kila akigeuza kichwa alikuwa ananitafuta ukingoni, na ukingoni hakukuwa na mtu.

"Ati huyu anaogelea ama anatafuta kitu chini?" mfanyabiashara mmoja akasema.

"Si wamtoe tu, bana. Anateseka."

Saa ikasoma mbili na ishirini. Wawili walikuwa wametoka. Yeye alikuwa bado, na mkono unaingia, unatoka, sawasawa kabisa, kama nilivyomfundisha, hakuna haraka, kwa sababu alijua ana akiba. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakuwa anapambana. Alikuwa anaogelea mwendo wa mtu aliyeambiwa muda upo. Mbili na ishirini na mbili. Mbili na ishirini na tatu. Aligusa jukwaa, akasimama, akatabasamu, akaanza kukimbia kuelekea baiskeli. Mzee mmoja mwenye fulana nyeupe akamsimamisha kwa mkono. Wanjeri alitazama kifundo cha mkono wake, pasipo na saa, kisha akamtazama yule mzee. Wakamfunika taulo.

"Na ni Mwafrika mwenzetu, pole yake," dada akasema. "Mzee, mbona unalia? Unamjua?"

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Hakuna jogoo aliyewika, wala haikuwa saa ya jogoo. Dada akabadilisha, wakatazama mieleka.

Alirudi wiki iliyofuata. Alikuja bwawani asubuhi, lakini bila taulo, na kofia ya kijani mkononi aniletee. "Mwalimu," akasema, "nimekuaibisha. Mbele ya kanisa ulisimama ukasema, na mimi nikazembea. Sijui nini kilinishika. Niliona kama nakwenda vizuri."

Futi kamba ilikuwa mfukoni mwangu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Maji ya ziwa ni mazito, Daktari. Si kama ya bwawa." Akaitikia kwa kichwa, kwa shukrani hata, na akaenda. Hakurudi kuogelea. Baadaye nikasikia ameomba uhamisho kwenda Kapsokwony, na kwamba kanisani walikuwa wanamwombea hadharani Mungu amwondolee roho ya kukata tamaa.

Mimi nilibadilisha hesabu kimyakimya. Wanafunzi wa shule waliokuja kujiandaa kwa mashindano niliwaongezea safari, nikawaambia ni za kujenga kifua. Ile 25 nikaiacha ukutani. Meneja alipokea kipimo cha kamba na hakuuliza kitu. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua, na nawaambia, hakuna chumba kidogo kama hicho. Miaka minne nilikaa humo na mashine ya maji.

Mwezi niliostaafu nilipanda Kapsokwony. Nilimkuta kwenye duka la dawa za mifugo alilofungua huko, amenenepa kidogo, akimpimia mteja dawa ya kupe. Mteja alipotoka nilimwambia yote nikiwa nimesimama: yadi, punje, barua niliyofuta, hoteli ya Bungoma. Alichukua kitambaa akawa anafuta kaunta sehemu moja tu.

"Safari ngapi zilipungua?" akauliza.

"Kumi na nne na kidogo."

"Kumi na nne." Akaacha kufuta. "Mwalimu, hizo ningeogelea. Tulikuwa na miezi."

"Najua."

"Nilikuwa nakuja Kitale kununua dawa, nazunguka nyuma ya soko nisipite langoni kwenu, usinione." Sauti yake haikupanda. "Kuna mtu mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi waambie. Mimi sitaki pole yako hapa dukani. Waambie wale waliochanga, palepale uliposimama."

Kabla sijafika huko, neno la kazi, maana hilo ndilo mliloniomba: pimeni bwawa lenu wenyewe. Msipokee urefu kwa mdomo wa mtu, hata akiwa mzee mnayempenda, hata akiwa mimi. Na mkigundua mmekosea, semeni siku hiyohiyo, kabla kosa halijapata mahali pa kukaa.

Jumapili iliyopita mchungaji alinipa dakika tano. Ni mchungaji mwingine sasa, hakujua habari yenyewe, alidhani nakuja kushukuru kwa kustaafu. Nilisimama kwenye kipaza sauti na nikasema. Nilikuwa nimeandika karatasi lakini nikaikunja. Nilipomaliza, hakuna aliyenizomea wala aliyeniambia amina. Nikawa nimesimama tu, sijui niende kukaa wapi.

Kisha mama mmoja mzee wa safu ya mbele, nadhani ni shangazi yake, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kwa hivyo mtoto wetu hakuzembea?"

"Hapana, mama," nikasema. "Kila safari niliyomwambia aogelee, aliiogelea."